Mgonjwa wa Moyo Halazwi Chali

Marahaba, wanangu. Mmenisalimia vizuri, na kiti mmenipa chenye mto, kwa hiyo sina sababu ya kulalamika. Mwalimu wenu ameniomba niwaeleze ninyi mnaosomea uuguzi na utabibu jinsi tulivyomtambua mgonjwa wa moyo siku zile tulipokuwa hatuna mashine yoyote. Nitaeleza, ila naomba nianze na jino.

Nilikuwa nesi kijana katika zahanati ya kijiji kimoja juu ya Mponde, miaka ile ya Ujamaa. Zahanati ilikuwa chumba kimoja na kibaraza. Matofali tuliyafyatua wenyewe, mimi nikiwamo, na ukuta wa upande wa choo ulikuwa umepinda kwa sababu niliujenga mimi. Asubuhi moja ya baridi ya Juni akaja Bwana Kaniki, msimamizi wa wachuma chai, kashika taya. Akaniambia jino linamuua, nilitoe.

Kung'oa meno nilikuwa nakujua, na nisiwafiche, nilikuwa nakupenda. Ni kazi ambayo mgonjwa anaondoka na ushahidi mkononi. Nikachemsha koleo. Nikamwuliza jino lipi, akaonyesha la kushoto chini. Akafikiri, akasema labda ni la nyuma yake. Nikaligonga moja kwa kijiko, nikagonga la pili, hakushtuka. Hapo nikamtazama uso. Sote tulikuwa tumevaa masweta, ukungu umeingia mpaka ndani, lakini yeye jasho lilikuwa linamchuruzika kwenye kola, na nilipomshika mkono ulikuwa baridi kama chura.

Nikamwuliza jino huwa linaanza kuuma wakati gani.

"Nikipanda," akasema. "Nikitoka kiwandani kwenda kwangu. Nikisimama linatulia. Leo nimesimama na limekataa kutulia."

Jino gani hilo linalouma mlimani tu? Nikaweka koleo chini. Nikamwuliza kama kifua kinamuuma, akasema hapana, hakiumi, ila ni kama mtu kamwekea gunia la majani mabichi ya chai juu yake na kusahau kuliondoa, na mkono wa kushoto umekuwa mzito. Sikumruhusu kupiga hata hatua moja zaidi. Nikamketisha ameegemea ukuta wangu uliopinda, nikamchoma sindano ya maumivu, nikamtuma mtu kiwandani, wakaleta lori na kumpeleka hospitali taratibu akiwa ameketi. Alilazwa wiki nyingi, akarudi, akaishi miaka mingi. Kila tulipokutana sokoni alifungua kinywa hadharani kunionyesha jino lile.

Andikeni hilo. Moyo ukikosa damu haulii kifuani peke yake. Unaweza kulia kwenye taya, mkononi, mgongoni, au juu ya tumbo ukadhani ni vidonda vya tumbo. Siku hizi mnacho kidonge cha kumtafunisha mgonjwa na mashine ya kuchora mapigo. Sisi tulikuwa na maswali tu, na maswali yenyewe nilifundishwa na Mganga Shekiango.

Huyu alikuwa mganga wa kituo cha afya aliyekuja kutukagua kila baada ya wiki mbili. Alikuwa mfupi, mzaliwa wa Vuga, ana koti la mvua lililomfika kwenye vifundo vya miguu na baiskeli ambayo aliisukuma zaidi kuliko alivyoipanda. Alinikataza kabisa kumwuliza mgonjwa kama anachoka. Alisema kwenye milima hii kila mtu atajibu ndiyo, hata mbuzi. Yeye aliuliza hivi: ukitoka mtoni na ndoo unapumzika wapi? Na mwaka jana ulikuwa unapumzika wapi? Mama akisema mwaka jana alifika nyumbani bila kutua, na mwaka huu anatua mara tatu, basi hapo pana kazi. Utazame macho kama damu imepungua, usikilize mapafu, kisha usikilize moyo.

Swali lake la pili lilikuwa fupi zaidi: unalalaje? Vitabu vyetu vilisema tumwulize mgonjwa analala na mito mingapi. Kijijini kwetu mto ulikuwa mmoja, wa mwenyekiti. Kwa hiyo tuliuliza analalaje, na tulisubiri jibu. Mtu akikuambia kwamba halali, anaketi mpaka kunapambazuka, au anaamka ghafla na kukimbilia dirisha kama anakabwa, moyo wake umeshindwa kusukuma damu na maji yanarudi nyuma yanajaa mapafuni.

Haya nayasema leo kwa urahisi. Nilipoyasikia mara ya kwanza niliyaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, na sikuyaelewa. Niliyaelewa kwa Mzee Petro.

Mzee Petro alikuwa mkamuaji wa ng'ombe wa maziwa kule Kwai tangu enzi za wakoloni, kisha akarudi kijijini kulima. Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumpima. Waliniita nikamkuta ameketi mlangoni, anahema, miguu imevimba mpaka magotini, anakohoa povu lenye wekundu kidogo. Niliona ni hali mbaya, na hapo sikukosea. Niliamua apelekwe hospitali mara moja, na hapo pia sikukosea. Ikaletwa machela, miti miwili na blanketi, na wanaume wanne, mmoja wao mwanawe Stefano. Tukamlaza.

Mzee akaketi. Tukamlaza tena, akaketi tena, akashika mti kwa mkono ule mkubwa. Njia ilikuwa ya kuteremka, yenye utelezi, na niliogopa ataanguka kwenye korongo. Basi nikavua kanga yangu, nikamfunga kifuani na machela, mimi mwenyewe, kwa fundo zuri. Aliniambia, "Niketishe, mama." Alisema mara mbili. Mimi nilimjibu kwamba mgonjwa anatakiwa alale apumzike.

Alikata roho kabla hatujafika darajani.

Stefano alifungua lile fundo, akakunja kanga, akanirudishia. Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine yoyote. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Mganga Shekiango alipokuja nilimweleza kila kitu, pamoja na kanga. Hakunikaripia. Akajaza beseni maji, akaniambia niingize uso wangu ndani nikae hivyo mpaka nishindwe. Nikaingiza. Niliposhindwa nikainua kichwa nikivuta pumzi kwa kelele. Akaniambia ndivyo alivyokuwa Mzee Petro, ila beseni lake lilikuwa ndani ya kifua. Akiketi, maji yanakaa chini na juu panabaki nafasi ya kupumulia. Ukimlaza, yanasambaa mapafu yote, anazama. Anayezama ataketi tu, hata umfunge namna gani, kwa hiyo anapopigania kuketi anakupa jina la ugonjwa wake.

Nilikaa siku kadhaa sina hamu ya chakula. Kisha nikaenda kwa Fundi Elia.

Fundi Elia ndiye aliyetengeneza viti vya kanisa letu la Kilutheri na mizinga ya nyuki ya kijiji kizima. Alikuwa mtu wa kusikiliza akiwa na penseli sikioni na kujibu baada ya muda mrefu. Nilimwomba kiti cha kubebea mgonjwa. Akaniuliza mgonjwa wangu hukaaje akiachwa akae apendavyo. Nikamwonyesha: miguu inaning'inia, mwili umeinama mbele, viwiko vimeegemea kitu. Akaniambia nirudi baada ya siku tatu.

Alichotengeneza sijakiona popote tena. Miti ilikuwa miwili ya mkaratusi, mirefu. Kiti hakikupigiliwa kwenye miti, kilining'inizwa kwa kamba za katani kama bembea, ili wabebaji wakiteremka au wakipanda mgonjwa abaki wima. Mbele palikuwa na ubao wa kuegemea viwiko, unaofunguka kama meza ya shule, na kamba pana ya kumzuia mtu asidondoke bila kumbana kifua.

Mwenyekiti wetu wa kijiji, mtu mwenye tumbo na sauti, alisema mradi wa wananchi lazima ujaribiwe na kiongozi. Akaketi. Vijana wakamzungusha shamba lote la ujamaa, wanapanda naye na kuteremka, na kiti hakikuinama. Shida ilikuwa kumshusha. Alianza kuwapungia watu mkono kutoka juu. Mzee mmoja aliyekuwa anapalilia mahindi akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama tumeamua kurudisha ufalme wa zamani wa Vuga. Mwenyekiti akashuka upesi. Miaka ile kiongozi hakupenda kuulizwa swali kama hilo mbele za watu.

Kiti kikakaa zahanati, kinatundikwa nguo zilizonyeshewa, mpaka masika yaliyofuata, alipougua Zaina.

Zaina alikuwa mke wa dereva wa trekta aliyekuwa kazini mbali, kwenye mashamba ya katani chini. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa pili wiki tatu nyuma, nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Mwanaidi. Huyu mama aliheshimika. Alikuwa amewapokea watoto wengi wa kijiji kile kabla mimi sijafika, na alinivumilia kama mtu anavyoivumilia mvua. Alisema mkwewe ana baridi ya uzazi. Alimwashia moto mchana kutwa na kumpa supu nzito yenye chumvi ya kutosha. Mimi mwenyewe, nilipoambiwa kwa mbali kwamba anakohoa, nilipeleka dawa ya kichomi bila kwenda kumwona. Hilo nalo andikeni, msije mkalifanya.

Siku ya tatu nikaenda. Nilimkuta Zaina ameketi sakafuni amekumbatia kinu kilichopinduliwa, kichwa kakilaza juu yake. Nikauliza analalaje. Bi Mwanaidi akanijibu kwamba halali, anapenda kukaa na kile kinu, tangu wiki iliyopita.

Nikapiga magoti. Mwili haukuwa na homa. Kwenye shingo mishipa ilikuwa imesimama mpaka chini ya sikio ingawa alikuwa ameketi wima. Nikabonyeza mguu kwa kidole gumba, kikaacha shimo, na shimo halikujaa. Nikaweka chombo changu kifuani. Mmewahi kusikia wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, haraka haraka, tu-tu-tu, tu-tu-tu? Moyo wa kawaida una michi miwili. Wa Zaina ulikuwa na mitatu, na ilikuwa inakimbia.

Uzazi huweza kuuchosha moyo wa mwanamke mwenye afya kabisa, mwezi wa mwisho wa mimba au miezi ya kwanza baada ya kuzaa. Watu husema ni baridi, ni kijicho, ni kichomi. Mzazi asiyeweza kulala chali, muulizeni habari za moyo kwanza.

Nilimwambia Bi Mwanaidi lazima tumpeleke hospitali sasa hivi. Akanijibu kwa utulivu kwamba mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, tena kwenye mvua, tena kwa maneno ya msichana ambaye hajazaa. Na akaongeza kwamba Mzee Petro pia alipelekwa.

Neno lile liliniingia. Stefano alikuwa amesimama nje ya mlango, amenisindikiza kwa ajili ya utelezi, na najua alilisikia. Nikamwambia tu ni kweli, Mzee Petro nilimlaza, na nilikosea, na huyu sitamlaza. Kisha nikamwomba aweke sikio lake mgongoni kwa Zaina, chini, upande wa kulia. Alisita. Akainama, akaweka sikio, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu. Mapafu yenye maji hutoa sauti kama chungu kinachoanza kuchemka, na mwanamke aliyepika miaka arobaini haambiwi sauti hiyo ni nini.

Akanyanyuka. Akajifunga kanga ya pili kiunoni, akamchukua mtoto mchanga, akamfunika.

"Nani wanabeba?" akauliza.

Stefano alikuwa ameshaondoka kwenda kuchukua kiti.

Lori la chai lilikuwa limekwama kwenye tope tangu juzi yake, kwa hiyo tulijua tutakwenda kwa miguu mpaka hospitalini. Nilikuwa na ampuli mbili za dawa ya kutoa maji mwilini, alizoniachia Mganga Shekiango kwa siku kama ile. Nikamchoma moja kabla hatujaondoka. Wabebaji walikuwa wanane, wa kupokezana, Waislamu na Wakristo, na Stefano alishika mti wa mbele upande wa korongo. Zaina akaegemea ubao. Bi Mwanaidi alitembea nyuma na mtoto, mimi ubavuni, vidole vyangu kwenye mshipa wa mkono wa mgonjwa.

Dawa ile ikianza kazi haingoji. Hatujamaliza kuteremka mteremko wa kwanza Zaina akaniashiria. Tukatua kiti, wanaume wakageuka kutazama mashamba ya chai, mimi na Bi Mwanaidi tukashika kanga pande zote. Tukaendelea. Baada ya muda kidogo tukatua tena. Mara ya tatu wanaume walianza kunung'unika kwamba hatutafika, nikawaeleza kwamba kila wanapotua, maji yanapungua kifuani mwake. Tangu hapo mambo yakabadilika. Wakawa ndio wanaouliza kama hajasikia haja. Bi Mwanaidi akawa anatangaza kwa wabebaji matokeo ya kila kituo, maji mengi au kidogo, kama mtu anayepima maziwa. Zaina aliona aibu, na nikafurahi, kwa sababu tangu asubuhi hakuwa na nguvu hata ya kuona aibu.

Tulipofika darajani, Stefano akasimama. Akaniuliza, bila kugeuka nyuma, mgonjwa yukoje. Nikamtazama Zaina. Midomo ilikuwa imeanza kurudisha rangi. Alikuwa anapumua kwa pua, kinywa kimefumbwa.

"Anaendelea vizuri," nikamwambia.

Stefano akaitikia kwa kichwa, akavuka.

Hospitalini daktari alitoka akakutana na kile kiti uani, watu wote tumelowa matope mpaka viunoni. Akamsikiliza Zaina pale pale, kabla hajashushwa. Kisha akauliza ni nani aliyeamua aletwe ameketi. Bi Mwanaidi akanisukuma mbele kwa mkono wake mtupu, akasema, "Huyu. Nesi wetu." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita wetu.

Walimpa hewa na dawa, wakamnyima chumvi. Wabebaji hawakurudi. Walilala kwa jamaa na jirani za jamaa, na asubuhi walikuwa uani wote wanane. Nilipotoka wodini nikawakuta wamesimama kama watu waliofiwa, wanaogopa kuniuliza. Nikawaambia Zaina ameamka, anasema ana njaa, anataka bada ya moto, ule ugali wa muhogo, na dagaa wa chumvi, na daktari kamkatalia dagaa, na yeye kanuna.

Sijui ni nani aliyeanza kuimba. Ulikuwa wimbo wetu wa kulimia, wa Kishambaa, wenye mstari mmoja tu, na mlinzi alikuja kutuambia hapa ni hospitali, akasikia habari, akaondoka bila kutufukuza.

Tulipojiandaa kurudi, Bi Mwanaidi akatoka na mjukuu begani. Yeye angebaki kumwuguza mkwewe. Akatazama kile kiti kitupu, akanitazama na mimi, mwenye viatu vilivyoachia soli.

"Kaa," akaniambia.

Nikasema haiwezekani, mimi si mgonjwa, mlima ni mkali. Akasema hajaniuliza kuhusu mlima. Wale wanaume wakaanza kucheka, na Stefano akafungua ubao wa mbele na kunishikia kama mlango. Basi nikakaa. Nilibebwa kupanda mlima ule, nimeshikilia ubao kwa mikono miwili, wanaimba mstari wao mmoja, na watu wa njiani wakisimama na majembe yao kuuliza nesi amepatwa na nini, wakijibiwa kwamba hana lolote, anaona raha tu.

Kijijini walituona tangu tukiwa mbali, na wanawake wengine walianza kulia wakidhani nimekufa. Kilio kikageuka vigelegele tulipokaribia. Watu wakazunguka kiti, wanauliza habari za Zaina wote kwa pamoja, nami najibu kutoka juu, na nakiri nilimwelewa mwenyekiti kwa nini alikawia kushuka.

Fundi Elia alikuja wa mwisho, na randa mkononi. Alipita katikati ya watu, akainama, akaanza kupitisha vidole kwenye kamba za katani moja moja, huku nimekaa.

"Zimelika wapi?" akauliza.

Nikamwambia hazikulika popote.

Akachomoa penseli sikioni.

"Basi shuka," akasema, "nipime urefu. Nataka kutengeneza cha pili."